Tope Ndani ya Rejeta

Gari likikufa Kewanja, wa kwanza kufika si fundi. Ni mnunuzi. Miaka ile dhahabu ilipokuwa imewapa watu wazimu, kulikuwa na wanaume wenye pua ya kunusa chuma kinachopoa. Hujamaliza kufungua boneti, tayari kuna mtu amesimama pembeni, mikono nyuma, anauliza kwa sauti ya msibani, "Mtaliuza?"

Pikapu yetu ilikufa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye mlima wa kwenda Tarime, ikiwa na magunia kumi na mawili ya viazi vitamu kutoka Busawe. Nasema kumi na mawili kwa sababu niliyahesabu wakati wa kupakia. Wakati wa kushusha niliyahesabu tena nikapata kumi na moja, lakini hiyo ni kesi nyingine. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake. Mshale wa geji ya joto ulipanda mpaka ukagonga mwisho, ukakaa hapo unatetemeka. Kisha mvuke ukafunika kioo, na injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza.

Tulirudishwa nyumbani na jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Watoto wa shule walitusindikiza wakiimba. Mume wangu alishika usukani kama mtu anayeendesha kweli, macho mbele, hasalimii mtu.

Fundi wa pale kijijini alikuja mchana. Alikuwa na spana moja mfuko wa nyuma na sikumwona akiitoa. Alisema, "Washa." Mume wangu akawasha, ikawaka kwa shida. Akasema, "Zima." Akaweka kiganja juu ya boneti, akatikisa kichwa.

"Silinda hedi imepasuka," alisema. "Gasketi imeungua, maji yameingia kwenye mafuta. Hii injini ndugu yangu usiipotezee muda. Imeshakuwa chuma."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Alimjibu mume wangu. "Mwambie mama, hii kazi nimeanza kabla hajaolewa."

Ilikuwa haijafika saa tisa, mwenye karasha akawa amefika. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji wanaleta mawe yao kwa magunia, yanasagwa, yanaoshwa kwenye dimbwi, kila mtu anakwenda na chake. Mashine yenyewe inazungushwa na injini, na injini nzuri za kuzungushia zilitoka kwenye magari. Mwenye karasha alikuwa mnene, mpole, mwenye kofia ya pama, na alizunguka pikapu yetu mara moja tu. Mtu anayetaka kununua kitu kibovu huzunguka mara tatu. Nililiona hilo nikaliweka.

Alitaja bei. Kwa bei ile ungepata mbuzi wawili, na mmoja wao angekuwa anachechemea. Mume wangu alinyamaza, na mimi namjua: akinyamaza hivyo ameshakubali, anatafuta maneno tu. Walipatana kwamba Jumamosi mwenye karasha aje na watu wa kuivuta. Kilichobaki ni kumwarifu baba mkwe wangu, maana ng'ombe wanne wa zizi lake ndio waliouzwa kuanza kuinunua pikapu ile, na pesa ya chapati zangu ndiyo iliyomalizia.

Sikulala vizuri, lakini si kwa majonzi. Nilikuwa nahesabu. Bila pikapu ningerudi kununua viazi kwa madalali, kwa bei ya madalali, na kubeba kichwani kile ambacho kichwa kinaweza. Biashara yangu ya viazi vya Busawe ingekwisha Jumamosi ile ile. Hilo la kwanza. La pili lilinikera zaidi: mwenye karasha anataka injini ya kuzungushia mashine. Injini iliyokufa haizungushi kitu. Kwa hiyo huyu mtu ama hana akili, na kofia ile haikuwa ya mtu asiye na akili, ama anajua kwamba haijafa.

Asubuhi nikamwambia mume wangu, "Leo Jumatano. Jumamosi haijafika. Mniachie siku zilizobaki."

"Ufanye nini?"

"Niliangalie."

"Wewe?"

"Kwani fundi aliliangalia?"

Akacheka kidogo, akachukua jembe. "Haya. Ukiliharibu zaidi, bei ya mbuzi mmoja itapungua."

"Yule anayechechemea," nikasema.

Sasa niseme nilivyojifunza, maana watu hudhani niliota. Kabla ya kuolewa nilikaa miaka mitatu Sirari, pale mpakani, nikiuza chai na chapati kwa madereva wa malori wanaongoja karatasi zao. Dereva anayengoja karatasi ana kazi mbili: kulalamika na kufungua lori lake. Mimi niliweka benchi langu karibu na wanaofungua. Kila anayeshika spana nilimuuliza, "Hiyo ni nini, na isipokuwepo inakuwaje?" Walionielekeza vizuri niliwakunjia chapati ndani ya chapati. Walionielekeza kwa kiburi walipata moja, tena ya mwisho kuchomwa. Nilijua bei ya kila somo.

Aliyenifundisha zaidi ni dereva mmoja kutoka upande wa pili wa mpaka, Isebania, mzee mwembamba aliyevaa ovaroli safi kuliko shuka zangu. Alikuwa na Kiswahili chao kile. "Madamu," aliniambia, "gari haidanganyi. Makanika ndio wanadanganya. Gasketi ikienda, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Ukikosa kuona chai, usikubali mtu akuuzie kikombe."

Basi Jumatano nilivaa suruali ya zamani ya mume wangu, nikaifunga kwa kamba, nikafunga kitambaa kichwani, nikafungua boneti.

Nilianza na mafuta. Nilichomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Mafuta yalikuwa meusi, mazito, kama yanavyopaswa kuwa mafuta yaliyochelewa kubadilishwa. Hakuna chai. Nilifungua na kifuniko cha juu cha kujazia nikaangalia kwa ndani, maana chai huanza kujificha pale. Hakuna.

Nikatoa plagi, moja moja, nikazipanga juu ya gunia kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye injini. Kama silinda moja inakunywa maji, plagi yake inatoka imeoshwa, inang'aa, inaisaliti. Zote nne zilikuwa na rangi moja ya udongo wa kichuguu. Nikazirudisha. Nikajaza maji, nikaacha mfuniko wa rejeta wazi, nikawasha, nikatazama ndani ya shingo ya rejeta kama mtu anayetazama kisima. Gasketi iliyoungua inapuliza mapovu yasiyokoma. Povu moja lilipanda, likapasuka. Nikangoja lingine. Halikuja. Nikazunguka nyuma kuangalia ekzosi: hakuna moshi mweupe. Nikazima, nikaacha ipoe, nikaanza upya tangu kwenye mafuta, yote, kwa mpangilio ule ule. Kitu nilichokiona mara moja sikihesabu kuwa nimekiona.

Majibu yakawa yale yale. Gasketi ilikuwa nzima. Fundi alikuwa ameuza kikombe.

Lakini gari lilichemka kweli, na mimi nilikuwa ndani yake. Kwa hiyo kuna kitu. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza, feni inazunguka. Pampu ya maji haikuvuja. Themostati, ile vali ya maji ya kupozea, haikuwepo, fundi yule yule aliing'oa mwaka uliotangulia akisema magari ya huku hayahitaji, kama vile yeye ni daktari wa kung'oa meno ya watu wasiolalamika. Ikabaki rejeta. Nikawasha tena, nikaiacha ipate moto, halafu nikazima na kupitisha kiganja juu ya rejeta kutoka juu kwenda chini.

Juu palinichoma. Katikati palikuwa vuguvugu. Chini palikuwa baridi kama mtungi.

Nikashusha mkono mara ya pili, polepole. Moto, vuguvugu, baridi. Maji yalikuwa yanafika juu na hayashuki. Nilisimama pale uani peke yangu, mikono myeusi, na nikacheka kwa sauti mpaka kuku wakahama.

Mume wangu aliporudi shambani nilimpa maji ya kunawa, nikamwekea ugali, nikamwacha ale nusu. Mtu mwenye njaa hujibu vibaya na aliyeshiba hajibu kabisa; nusu ya sahani ndiyo saa ya kuuliza.

"Baba watoto, siku ambazo hatubebi viazi, ukibeba mawe ya wachimbaji kupeleka karasha, maji ya rejeta unajaza wapi?"

"Maji ni maji."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza wapi."

Akatafuna. "Pale pale."

"Pale pale kisimani?"

"Kisimani kuna foleni ya wanawake. Unataka nipange foleni na kidumu katikati ya kanga, watu wa karasha wananiangalia?"

"Kwa hiyo?"

"Dimbwi liko hatua kumi."

Nikaweka mwiko chini. Dimbwi la karasha! Pale mawe yaliyosagwa mpaka yakawa unga yanaoshwa kutwa nzima, watu na makarai yao, maji mazito ya rangi ya chai kweli, chai yenyewe niliyoitafuta kwenye mafuta nikaikosa. Mume wangu alikuwa anainywesha pikapu uji wa mawe kwa sababu ya aibu ya foleni. Na hakuwa peke yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba karibu kila mwanaume aliyebeba mawe alijaza pale pale, na kila gari lililochemka lilihukumiwa gasketi, na kila injini iliyohukumiwa ilipata kazi ya kuzungusha karasha.

"Umefanya hivyo mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Ndiyo tofauti yetu," nikasema.

Alhamisi nikaitoa rejeta. Mipira miwili, wa juu na wa chini, klipu nne, bolti nne za kuishikilia. Kila kidogo kilichotoka kiliingia kwenye kopo la majani ya chai na nilikitaja kwa sauti kilipokuwa kinaingia. Mume wangu hakwenda shambani siku ile. Alijifanya anarekebisha mpini wa jembe, jicho kwangu.

Niliisimamisha rejeta juu ya mawe matatu mbali na jiko na mbali na mahali watoto wanapocheza, maana kwenye madimbwi yale wanatumia zebaki kukamata dhahabu, na zebaki si kitu cha kumwaga mlangoni. Chini yake nikatega karai kubwa. Kwanza nilipima. Nikamimina ndoo moja ya maji juu na kuhesabu kwa sauti mpaka yalipokwisha kutoka chini. Nilifika mia mbili na arobaini. Mume wangu akasema, "Mbona unahesabu kama karani wa pamba?" Nikamwambia, "Nyamaza, umenipoteza," nikamimina ndoo ya pili. Mia mbili na thelathini na nane.

Halafu nikaigeuza kichwa chini, mguu juu, ili maji yapite kinyume na njia yaliyozoea. Nilitumia maji ya moto yenye sabuni ya unga, nikaipigapiga kwa mwiko wa mti, taratibu, kama mtu anayembeulisha mtoto. Mwanzoni ilitoa matone. Kisha ikatoa udenda. Halafu kitu kikaachia ndani, na tope likashuka kwa kishindo: la wekundu wa chai, laini, zito, linametameta. Karai likajaa robo.

"Mura!" mume wangu akasema, akiwa amesahau mpini wa jembe. Huko kwetu hilo ni neno la kuita kijana wa kiume. Sikumsahihisha.

Niligeuza na kumimina tangu asubuhi mpaka jua likapita utosi. Kila baada ya ndoo tano nilipima. Mia na themanini. Mia na kumi. Sabini. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili tena. Hapo nikajua imefunguka.

Ijumaa ilikuwa zamu ya injini yenyewe, maana tope lililojaa rejeta lilikuwa limepita pia kwenye njia za maji ndani ya bloku. Kuna nati ya kutolea maji ubavuni kwa chini, na kuifikia ni lazima ulale chali, uingie uvunguni. Niliingia. Miguu yangu ilibaki nje, ndani ya suruali ya mume wangu.

Na hapo ndipo nikasikia fimbo ya baba mkwe.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua maana yake. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, na mke akimwona anakuja hupisha njia. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Mimi katika miaka yote ya ndoa sikuwahi hata kukaa kwenye kigoda mbele yake. Sasa nilikuwa nimelala chali uani, miguu imepanuka, suruali ya mwanawe, tope mpaka masikioni. Kutoka nje siwezi, nati nimeishika na maji yameanza kumwagika. Kubaki siwezi. Nikafikiri haraka, nikaona salamu haijawahi kumdhuru mtu.

"Shikamoo tata," nikasema kutoka uvunguni, nikimwita baba kama kwetu.

Nikasikia, "Marahaba." Aliliitikia tairi la mbele. Niliviona viatu vyake vimeligeukia.

"Mke wako yuko wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Yuko hapo, baba."

"Mwambie nimesikia kuna gari linauzwa. Nimekuja kuliona kabla halijaenda. Mwambie simwoni."

"Amesema hakuoni," mume wangu akaniambia, ingawa tulikuwa hatua tatu.

"Mwambie asante," nikasema.

Mume wangu akamwekea kiti kivulini mwa ukuta wa jiko, akakigeuza kikaangalia barabara. Mimi nikaendelea na nati.

Mwenye karasha alikuja baadaye kidogo kukagua mali yake kabla ya Jumamosi. Alipoona boneti wazi na mipira chini alisimama, kofia akaisukuma nyuma. Lakini macho yake hayakukaa kwenye gari. Yalikwenda kwenye karai. Kando ya karai alikuwa amechuchumaa jirani yetu, mchimbaji aliyetoka Usukumani kufuata dhahabu, anachota lile tope kwa kijiti na kuligeuza juani.

"Shemeji," jirani akaniita, "hii kitu umeitoa wapi? Hii ni marudio. Safi kabisa."

Marudio ndiyo wanayoita tope linalobaki baada ya kuosha. Macho yameshachoka, dhahabu kidogo imebaki, na anayejua anaweza kuliosha tena akapata. Pale kwetu kulikuwa na utaratibu mmoja usioandikwa ambao watu walikuwa tayari kuupigania kwa mapanga: mchimbaji anachukua dhahabu yake ya kwanza, lakini marudio yote yaliyo kwenye dimbwi ni ya mwenye karasha. Yote, hata yaliyogandia kwenye ndala.

"Kuna la kuosha hapo," jirani akasema. "Niuzie mimi."

"Hakuna kuuza," mwenye karasha akasema. Upole wote ulimtoka. "Hayo ni marudio yangu."

Nilitoka uvunguni. Nilitoka kwa upande wa mbali na kiti cha baba mkwe, nikajifunga kanga juu ya suruali, nikasimama nyuma ya boneti ili tuwe tumetengwa na chuma. Niliona maneno yake yamenifungulia mlango, nikaona niingie taratibu bila kugonga.

"Baba," nikamwambia mwenye karasha, "sisi hatutaki mali ya mtu. Lakini tope limetoka kwenye gari letu. Tutajuaje ni lako?"

"Naijua rangi yake. Hakuna dimbwi lingine hapa lina rangi hii. Mawe ya shimo lile mekundu nasaga mimi peke yangu."

"Labda limetoka mtoni."

"Mtoni! Mto gani una unga huu? Uliza yeyote. Mumeo anachota maji dimbwini kwangu kila anapoleta mawe, nimemwona kwa macho yangu, kidumu cha njano. Anajaza kwenye rejeta. Limeingia humo, limeganda humo. Ni langu."

"Umemwona mara nyingi?"

"Mara nyingi!"

"Na ukajua litaganda."

Jirani yetu Msukuma akaacha kukoroga. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikasema polepole, kwa sauti ya kufika barabarani, "Basi tumeelewana. Tope ni lako, tena umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba ndilo lililokuwa limeziba rejeta. Silinda hedi haijapasuka. Gasketi haijaungua. Gari lilikuwa na tope, na tope ni lako. Chukua."

Kiti cha baba mkwe kikalia, kwa maana alikuwa amekigeuza.

"Mwambie mkeo," akasema, "aulize huyo bwana kama bado anataka gari."

"Bei ile ile niliyotaja," mwenye karasha akasema haraka, na mara tu ilipomtoka alijua amekosea. Mtu aliyesikia injini ni nzima na bado anatoa bei ya maiti ameshajieleza.

Karai sikumpa bure. Nilimwambia kubeba ni juu yake, na kwamba tope lake limenigharimu kazi ya siku mbili na mpira wa chini ambao umechanika nikiutoa. Tulivutana mpaka jirani akachoka kucheka. Mwishowe alikubali kuleta mpira mzuri, klipu mbili, na pipa zima la maji ya kisima, na aliyekwenda kupanga foleni kisimani ni yeye mwenyewe, na kofia yake, katikati ya wanawake. Nilituma mtu akaangalie. Aliangalia mara mbili.

Jumamosi nikafunga. Bolti nne, klipu nne, mipira miwili, nati moja ya bloku. Kopo likabaki tupu. Nililipindua nikaligonga chini kuhakikisha. Tukajaza maji safi. Nilipowasha, injini iliitika kwa mara ya kwanza tangu Jumanne bila kukohoa.

Baba mkwe alikuwa amekuja tena, na fimbo na koti lake la kanisani.

"Injini kunguruma uani si kitu," akasema. "Mwambie ipande mlima ule ule."

Mume wangu akaenda kwenye mlango wa dereva.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuendesha, baba."

"Aliyelifunga ndiye anayejua kalifungaje. Mwambie aendeshe yeye."

Nilikuwa nimeshaendesha kule Busawe, kwenye tambarare ya mashamba, ambako ukikosea unaingia kwenye mihogo ya mtu. Mlima ni kitu kingine. Lakini kikatokea kigumu zaidi: baba mkwe alitaka kuja, na hawezi kukaa kibini pamoja nami. Tukasimama watu wazima watatu tukiliangalia gari lenye benchi moja mbele. Mwenyewe akamaliza. Akapanda bodi ya nyuma, akasimama, akashika bomba nyuma ya kibini kama askari kwenye gwaride. Mume wangu akakaa pembeni yangu, mahali pangu.

Tukatoka. Tulipita kwenye karasha, tukapita kwa fundi, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake na ambaye ghafla alikumbuka kitu ndani. Barabara ikaanza kuinuka. Nikashuka gia ya pili. Mume wangu aliikodolea macho geji kiasi kwamba pua ilikuwa karibu kuigusa.

"Usiitazame hivyo," nikamwambia, "itapata hofu."

"Inapanda."

"Acha ipande. Lazima ipate moto, siyo jiwe."

Mshale ulipanda ukafika katikati. Tukafika kwenye kona ambako Jumanne tulisimama, alama za matairi bado zimo kwenye vumbi. Nilijua nilichofanya, nilikuwa nimekipima mara mbili kila hatua, lakini kujua ni kitu kimoja na mlima ni kitu kingine. Mshale ukatikisika. Nikakanyaga mafuta kidogo. Ukarudi katikati ukakaa, kama mtu aliyepata kiti.

Juu kabisa, fimbo ikagonga paa la kibini. Nikasimama. Baba mkwe akashuka, akaja dirisha la mume wangu.

"Mwambie afungue."

Nikafungua boneti, nikarudi nyuma hatua za kutosha, nikampisha. Akaweka kiganja chake juu ya rejeta, akakishusha polepole mpaka chini, na pale chini akakiondoa haraka akakitikisa.

"Muulize ni moto juu tu au na chini," nikamwambia mume wangu.

"Baba, ni moto juu tu au na chini?"

"Kote." Akajipuliza kiganja. Alitazama bonde, mapaa ya bati mapya ya Kewanja yaking'aa, moshi wa makarasha, Mto Mara kule mbali. Alitazama kila kitu isipokuwa mimi, kama inavyotakiwa. "Nimezaa wana saba," akasema, akiliambia lile bonde. "Hakuna hata mmoja angeweza kunionyesha hili." Mume wangu akakohoa. "Hata wewe," baba yake akamwambia.

Kisha akasema kwamba mtu wa karasha aambiwe atafute injini kwingine, na kwamba pikapu haitajadiliwa tena kikaoni bila mimi kuulizwa kwanza, hata kama ni kuulizwa kwa kupitia dirishani.

Nilidhani tungegeuza. Yeye alikuwa ameshapanda bodi, anafunga vifungo vya koti.

"Tunarudi?" mume wangu akamuuliza.

"Kurudi kufanya nini? Kuna ndugu yangu Tarime sijamwona tangu mavuno. Mwambie aendelee. Na mwambie kwenye mashimo apunguze, nyuma huku hakuna godoro."

Akaniambia. Nikatia gia.